Kondoo Wekundu na Beseni la Kunde

Mjukuu wangu alifurahi kondoo walipokonda. Hilo ndilo lililonishtua kabla ya mengine yote, na nalitanguliza hapa ili usije ukadhani niliamka tu siku moja nikaamua kumharibia mtoto kazi yake.

Ilikuwa siku ya thelathini ya jaribio lake. Tulikuwa bandani nyuma ya nyumba, kila kondoo tunamvisha gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu, tunamning'iniza kwenye mizani, mimi namshika asibembee, yeye anasoma. Zamu ilikuwa ya yule niliyempa jina la Miwani, maana ana duara jeusi kuzunguka kila jicho, utadhani mwalimu mkuu anayesubiri wanafunzi waliochelewa. Siku ya kwanza Miwani alikuwa na kilo ishirini na moja. Siku hiyo mshale ukasimama kwenye ishirini na nusu.

"Amepungua," nikasema.

"Amepungua, Bibi. Na wenzake watatu pia." Akaandika kwenye daftari huku anatabasamu. "Safi kabisa."

"Safi nini? Mnyama anakonda, wewe unacheka?"

"Ndivyo inavyotakiwa. Hawa ni wa nyasi tupu. Wangenenepa ndiyo ningekuwa na kazi ya kujieleza."

Nikamtua Miwani chini, nikabaki nimeshika gunia. Nilimtazama huyu mtoto kama vile ndiyo kwanza anaingia mlangoni kwangu. Nimemlea tangu hajaota meno, mama yake akiwa kazini mji mwingine. Mtoto niliyemlea mimi alikuwa akikimbilia chumbani na kuziba masikio kuku akichinjwa. Huyu aliyesimama mbele yangu na kalamu sikumjua alitoka wapi.

Sasa nieleze. Nyumbani tunamwita Daktari, ingawa udaktari wenyewe bado. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha mifugo, na mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anapaswa kufanya jaribio lake mwenyewe, kuliandikia ripoti na kuipeleka kabla muhula haujafungwa. Ripoti isipofika, au ikifika imelemaa, mwanafunzi habaki na cheti wala nusu ya cheti. Hahitimu na wenzake. Daktari alichagua jambo la kondoo na nyasi, kwa kuwa kondoo tulikuwa nao kumi na wawili na banda lilikuwepo.

Akaligawa banda vizizi vitatu kwa mbao, kila kizizi kondoo wanne, kila kondoo hereni ya plastiki sikioni. Wenye hereni nyekundu walikula nyasi kavu tu, zile za robota. Wenye hereni za njano, mafungu matatu ya nyasi kwa fungu moja la kunde. Nasema majani na mabua ya kunde yaliyokaushwa, si punje. Wa bluu, nusu kwa nusu. Kila asubuhi alipima chakula kabla hajakitia kwenye hori, na asubuhi ya pili akapima masalia. Hata unyasi ulioanguka sakafuni aliuokota.

Jioni ya siku ya kwanza, mezani, nilimtegea kitendawili kama tulivyozoea tangu utoto wake.

"Nyumba yangu ina vyumba vinne. Mgeni akishaingia cha kwanza anarudishwa mlangoni kutafunwa upya."

"Tumbo la kondoo," akajibu, hata hakunyanyua kichwa. "Umekitunga leo hicho, Bibi. Kinanuka banda."

"Na humo ndani anapika nani?"

Hapo akaweka kijiko chini. Akaniambia kwamba kwenye kile chumba cha kwanza kuna vijidudu maelfu kwa maelfu, na hao ndio wapishi. Nyasi kavu ni gogo la kuni, linawaka polepole na moshi mwingi. Kunde ni mafuta ya taa. Ukitia kidogo tu, gogo zima linashika.

"Ninachotafuta mimi ni kidogo kiasi gani," akasema.

"Na wale wekundu?"

"Wekundu ni gogo bila mafuta. Lazima wawepo. Wasipokuwepo nitajuaje mafuta yamefanya nini?"

Nikasema naam. Niliisema kama mtu anayemwitikia mgeni anayeongea lugha ya kwao. Akanishika mkono. "Bibi, nakuomba. Wekundu wale nyasi tu. Hata ganda la ndizi usiwape."

Nilimwahidi. Lakini nyumba yetu ilikuwa na mazoea yake. Mama yake Daktari alipokuwa akija likizo na kusema mtoto asipewe sukari, mtoto alipewa sukari, kule nyuma ya jiko, na bibi na mjukuu wakafutana midomo. Mama akikataza, bibi anatoa. Ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyewahi kuumia zaidi ya jino moja.

Basi baada ya siku ile ya thelathini, nilianza kuwaangalia wekundu kwa jicho jingine. Kizizi chao kilikuwa katikati. Kushoto wanatafuna majani ya kunde, kulia wanatafuna majani ya kunde, na harufu yake, kama umewahi kuinusa, ni tamu kama chai iliyokolea. Wekundu walisimama wameweka pua kwenye upenyo wa mbao. Hawakulia. Walitazama tu midomo ya jirani ikizunguka, wakarudi kwenye hori lao, wakachambua nyasi, wakaziacha nusu. Miwani alinitazama mimi.

Bustani yangu ya kunde ilikuwa upande wa pili wa jiko. Nilikuwa nimeshang'oa, nimeanika, nimefunga matita na kuyapanga stoo kwa ajili ya mbolea. Matita hayo hayakuwa ya Daktari, hakuyapima wala hakuyahesabu. Siku ya thelathini na moja, saa nne asubuhi, yeye akiwa chuoni, nikajaza beseni dogo la kunawia nikaenda nalo bandani.

Sijui kama umewahi kumpa mtu kitu alichokuwa amekata tamaa nacho. Walikula hadi wakanilamba vidole.

Beseni la kunawia likawa beseni la kufulia. Nikajifunza kumwaga kidogokidogo ili wamalize kabla sijatoka, nikafagia, nikaenda kuosha mikono. Wenyewe wakajifunza saa. Ikikaribia saa nne, wekundu wanaanza kuita, na nikitokea mlangoni wanapanda mbao kwa miguu ya mbele. Jumapili moja Daktari alikuwa nyumbani, na mimi nikapita tu na ndoo ya maji, kwaya ikaanza.

"Wanakupenda hawa," akasema.

"Mtu mzima anapendwa na viumbe wote."

"Mbona mimi ninayewalisha hawaniimbii?"

"Wewe unawapimia kama mfamasia. Nani anampenda mfamasia?"

Tukacheka wote wawili. Nakumbuka tulicheka.

Siku nyingine akaja jikoni na daftari, amekunja uso. Wekundu, akasema, hawabakizi tena nyasi. Mwezi wa kwanza walikuwa wakiacha karibu nusu, sasa hori linalambwa. "Labda haya marobota mapya yametoka shamba jingine," akasema, akaandika hivyo. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua mchele. Moyoni nilifurahi. Nilichoelewa mimi kuhusu jaribio ni hiki: mwalimu atakuja kuangalia kondoo, na akikuta kondoo wote wamenawiri, mtoto wangu amefaulu. Nilidhani nambeba. Niliishia darasa la saba, na katika darasa la saba mtihani ni mtihani, anayepata nyingi ndiye bora. Sikuwahi kusikia mtihani ambao kuna wanne wametengwa ili washindwe.

Siku ya sitini wakaja. Alikuja mkufunzi wake, mama mrefu mwenye mabuti ya mpira na sauti ya chini, ambaye ndiye aliyetakiwa kusaini daftari. Akaja pia mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji wa kondoo, fundi cherehani, pamoja na wafugaji wengine watano. Fundi hatembei bila futi ya kupimia nguo shingoni, na anaamini mizani ni ya watu wasiojua kushika futi. Kabla mizani haijafungwa alishamzungushia Miwani ile futi kifuani.

"Huyu ameongezeka. Angekuwa mteja wangu ningemwambia alete nusu mita zaidi ya kitambaa."

"Huyo ni mwekundu, Fundi," mkufunzi akasema. "Hao hawatarajiwi kuongezeka."

"Futi yangu haisomi rangi, Mama."

Wakaanza kupima. Daktari anasoma, mkufunzi anasoma nyuma yake kuhakikisha, ndipo inaandikwa. Wa njano, mwezi ule wa pili, wameongeza kilo mbili mbili. Wa bluu mbili na nusu, mmoja karibu tatu. Ikafika zamu ya wekundu. Miwani akavishwa gunia, akapandishwa. Mshale ukapita ishirini na moja. Ukapita ishirini na tatu. Ukatulia kwenye ishirini na nne na nusu.

 Mkufunzi akamshusha, akaikung'uta mizani, akaning'iniza jiwe la kupimia ambalo uzito wake aliujua. Mizani ilikuwa sawa. Akampandisha Miwani tena. Ishirini na nne na nusu. Wenzake watatu hivyohivyo. Kilo nne kila mmoja, kwa nyasi kavu.

"Miaka kumi na tisa nafundisha," mkufunzi akasema polepole. "Hili sijaliona." Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kalamu imesimama hewani. "Mwezi wa kwanza wanapungua, mwezi wa pili wanawapita wote. Kwa nyasi za robota. Mwanangu, kuna kitu kingine walichokula hawa?"

"Hapana, mwalimu," Daktari akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikashtuka. Si kwa sababu ya zile kilo. Kilo nilizijua, nilizibeba kwa beseni. Nilishtuka kwa sababu niliyaona macho ya mjukuu wangu. Kila mtu mle ndani alikuwa ametoa macho pima. Fundi mdomo wazi, mkufunzi amepigwa butwaa. Daktari peke yake hakushangaa. Alitazama ukurasa wa daftari kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuisoma.

Nikajiambia amechoka. Nikajiambia hivyo mara mbili.

Mkufunzi akainuka, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. Kama hawa wamezizoea nyasi, akasema, kama kuna kitu tumboni kimejirekebisha baada ya mwezi, basi hili si la ripoti ya mwanafunzi tu. Atalipeleka kwenye kikao cha chuo. Akampa Daktari mkono, akautikisa kwa nguvu. Na Fundi, ambaye hajawahi kusubiri neno liishe, akawageukia wafugaji wenzake.

"Mmesikia wenyewe. Kumbe tunajisumbua. Kondoo akivumiliwa mwezi mmoja anazoea nyasi tupu. Mimi nikitoka hapa naing'oa kunde yote iliyo kando ya zizi langu, nipande nyasi. Na nyinyi mfanye hivyo."

Wakaitikia. Mmoja akauliza kama atoe hata ile iliyoanza kutambaa vizuri, Fundi akasema toa.

 Nikaona mazizi yote ya jirani, kiangazi kikiendelea, kondoo wamesimama na pua kwenye mbao, na huko hakuna bibi wala beseni. Watakonda, na wenyewe watasema subiri, mwezi haujaisha. Watasubiri hadi mizoga.

"Mkufunzi," nikasema. "Usiandike kwanza."

Wakageuka wote. Daktari akatikisa kichwa, kidogo sana, kwangu mimi tu. Nikafikiri ananiambia nisivuruge furaha.

"Wekundu walikula kunde," nikasema. "Niliwapa mimi. Kila siku saa nne, toka siku ya thelathini na moja hadi jana. Beseni la kufulia, limejaa. Kunde ni za bustanini kwangu, ziko stoo, twendeni mkazione. Huyu mtoto alinikataza na mimi nikamwahidi, halafu nikawapa. Niliwaonea huruma."

 Nilisikia kondoo akicheua. Fundi akaishika futi yake kwa mikono miwili, kama vile shingo imeanza kumwasha.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema kwa sauti ndogo, na hakucheka.

Mkufunzi hakunitazama mimi kwa muda mrefu. Alimgeukia Daktari. "Ulijua?"

Sasa hapa ndipo nataka unielewe. Nilikuwa na hakika ya jibu. Nilikuwa tayari nimepumua. Nikasema moyoni, sasa mtoto amesalimika, mwenye kosa ni mzee, mzee hafukuzwi chuo. Nikamwona anafungua mdomo, na nikasubiri lile hapana.

"Nilijua," Daktari akasema.

Nilishika nguzo.

"Tangu lini?"

"Siku ya arobaini na tano. Nilikuta bua la kunde limenasa kwenye ubao wa hori la wekundu. Nikaenda stoo nikaona matita yamepungua." Akafungua daftari, akaonyesha ukurasa. Palikuwa na mstari uliofutwa kwa kifutio hadi karatasi imechubuka. "Niliandika. Halafu nikafuta."

Mwanamke yule mrefu akalichukua daftari, akalipeleka kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole juu ya pale palipochubuka. Nilidhani atafoka. Ingekuwa rahisi kama angefoka.

"Siku ile ungeniambia," akasema, "tungewatoa wekundu. Ungemaliza na njano na bluu, ukaandika kilichotokea, na ripoti ingesimama, hata kwa kuchechemea. Wanyama huibiwa, huugua, hupewa vitu na mabibi. Tunaandika, tunaendelea. Lakini hapa nimekuuliza mbele ya watu, umesema hapana. Daftari hili siwezi kulisaini."

"Naelewa, mwalimu."

"Utaanza upya. Wiki mbili wote wale lishe moja, kisha siku sitini."

"Wenzangu wanahitimu mwezi ujao."

"Watahitimu," mkufunzi akasema.

Akawageukia wafugaji, akawaambia wasing'oe kunde. Akawaambia wamejionea wenyewe kitu cha maana kuliko walichokuja kukisikiliza: kondoo waliokuwa wanaacha nusu ya nyasi zao, walipoongezewa kunde wakamaliza zote na wakanenepa. Fundi akasema basi huyu bibi ndiye angepewa cheti. Aliyecheka ni mmoja tu, naye akajikohoza haraka.

Walipoondoka niliingia jikoni. Mimi nikichanganyikiwa huipa mikono kazi. Nikapakua chakula kwenye sahani, nikafunika, nikageuka, nikamkuta amesimama mlangoni.

"Mwanangu, kwa nini ulinyamaza?"

Akafikiri. Alikuwa na vumbi la nyasi kwenye nyusi. "Mwanzoni nilikuwa nakuficha wewe. Nilisema nikitaja bua, nitamtaja na aliyelileta, na utaaibika mbele ya watu wako. Wiki ya kwanza nililala vizuri kabisa, nikajiona mjukuu mwema." Akaegemea fremu ya mlango. "Halafu nikaanza kuhesabu siku zilizobaki. Nikagundua sikufichi wewe tena. Najificha mimi."

"Kosa ni langu."

"La kwako ni lako, na langu ni langu. Na nimekukasirikia, Bibi. Nimekukasirikia hadi tumbo linauma. Usinipe kitu chochote cha kula sasa hivi."

Nilikuwa nimeshika ile sahani. Nilibaki nimeishika hadi alipoingia chumbani na kufunga mlango, si kwa kishindo, akafunga tu. Katika miaka yote niliyomlea, sikuwahi kusikia neno hilo ndani ya nyumba yangu, kwamba usinipe. Nilikaa kwenye kigoda nikaona giza. Nilikuwa na kitendawili kimoja nilichokipenda ujanani: mzigo wangu ni mwepesi lakini watu kumi hawawezi kuutua. Jibu lake ni siri. Nilikuwa nikiwategea watoto kwa kuringa. Sikujua kwamba nilimtwisha mtoto mzigo huo kwa mkono uleule niliokuwa nikimpa sukari.

Siku tatu tuliongea mambo ya chumvi na maji tu. Ya nne akaniita bandani.

"Baada ya wiki mbili tunapiga kura upya," akasema. "Kila kondoo namba yake kwenye kikaratasi. Anayeangukia wekundu, ameangukia."

"Sawa. Mimi sitakanyaga huku."

"Utakanyaga. Wekundu utawalisha wewe."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mimi? Baada ya yote?"

"Nikikufungia mlango utapita dirishani. Nakujua. Utapima nyasi wewe, utapima masalia wewe, na kila siku utaandika kwa mkono wako na kuweka sahihi. Ukiwapa kitu, andika umewapa nini na kiasi gani. Sitakugombeza. Lakini uandike."

"Na wakinililia?"

"Watakulilia," akasema. "Ndiyo kazi yenyewe."

Kura ikapigwa. Miwani akaangukia bluu, ale nusu kwa nusu, nikashukuru kimoyomoyo. Furaha yangu haikufika mbali. Wekundu wapya, watatu kati ya wanne, walikuwa bluu wa zamani, waliozoea kunde kila siku ya Mungu. Daktari akakipindua kikaratasi cha mwisho, akanitazama.

Siku sitini zile zilikwisha, na daftari likasainiwa. Alikuja kuhitimu nusu mwaka baada ya wenzake, na ni yeye sasa anayezunguka mazizini kuwaonyesha watu jinsi ya kuchanganya. Lakini ukiniuliza mimi, siku ninayoikumbuka ni ya nane.

Siku hiyo wale wekundu wapya walikuwa wameshaelewa kwamba haikuwa ajali, kwamba kunde haiji. Niliingia asubuhi na nyasi zangu zilizopimwa, kilo nne. Hawakuzigusa. Walisimama wote wanne mbele yangu, wakaniita, kwa sauti ile wanayomwitia mama. Daktari alikuwa ameshaondoka kwenda chuoni. Stoo ilikuwa wazi, matita yalikuwa palepale, hatua kumi na mbili, na hakuna jicho la mtu.

Nilisimama. Mmoja akaja akatia pua kwenye kiganja changu, akakuta kiganja kitupu, akapumua humo hewa ya moto, akanitazama. Nilishtuka nilipotambua kwamba kulistahimili hilo kunahitaji nguvu kuliko kazi zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii. Nilitoka nikakaa nje, mgongo umeegemea ukuta wa banda. Walilia kwa muda wa kuchemsha maharage yakaiva. Kisha nikasikia mmoja anachambua nyasi. Kisha mwingine.

Asubuhi iliyofuata nilikusanya masalia, hadi yaliyoanguka sakafuni, nikayapima, nikaenda kwenye daftari. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, herufi kubwakubwa. Nyasi kilo nne. Masalia kilo moja na robo. Kunde hakuna. Nikaweka sahihi, imepinda kidogo mwishoni, lakini inasomeka.